Mzigo wa Lugha Tatu Begani mwa Mwalimu wa Chekechea

Nilifika Kinango mapema kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimekwenda kumkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili, na kipindi chake kilikuwa bado saa nzima na ushei. Ng'ambo ya ua wa minyaa palikuwa na shule ya msingi, na pembeni mwa shule hiyo chumba kimoja cha chekechea. Nikabisha hodi. Mwalimu, mama wa makamo aliyejifunga leso juu ya rinda lake, akanikaribisha, akanipa kiti kimoja kilichokuwamo, naye akaendelea kusimama.

Watoto walikuwa 52. Wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa pili walikaa pamoja mkekani, na katikati yao walikuwamo wachache ambao kwa macho yangu hawakuwa wametimiza hata miaka mitatu. Hao, nilielezwa baadaye, huletwa na kaka na dada zao kwa sababu mama amekwenda kuteka maji, na safari ya maji kule si ya dakika kumi.

Mwalimu aliinua kikombe. "Hiki kina nini?" Sauti zikapaa: "Madzi!" Hilo ndilo neno la Kiduruma, lugha ya nyumbani ya wengi wa watoto wale. "Vyema," akasema mwalimu, "na kwa Kiswahili ni maji." Wakaitikia maji. "Na kwa Kiingereza ni water." Wakaitikia tena, kila mmoja kwa namna yake. Kisha akamnyooshea kidole mvulana aliyeketi karibu na mlango, akamwuliza kwa Kiingereza kikombe kina nini. Mvulana akatazama miguu yake. Akaulizwa kwa Kiswahili, akazidi kuinama. Mwalimu hakumkaripia, alipita kwa mwingine.

Wakati wa uji nilimwona mvulana huyo huyo chini ya mwembe, amezungukwa na wenzake sita, akiwasimulia habari za mbuzi aliyetumbukia mahali na jinsi alivyotolewa. Sijui Kiduruma sawasawa, lakini mwenye Kiswahili akisikiliza kwa makini hukosa machache. Nilichosikia ni masimulizi kamili: nani alifanya nini kwanza, kipi kilifuata, ingalikuwaje kama babu asingalitokea. Mtoto wa miaka mitano alikuwa akitumia masharti, nyakati na viambishi vyote vya ngeli bila kukwaa hata mara moja. Mwalimu akaniambia, "Huyo ndiye msemaji wao, mwalimu. Akiingia ndani ulimi hukatika."

Tangu siku hiyo sentensi hiyo haijaniondoka masikioni, nami nimeona niilete mbele ya walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu.

Wahenga wetu walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Methali hiyo hatuikosi. Kila Novemba tunapowavika watoto wa chekechea majoho na kofia za shahada, kana kwamba wametoka kutetea tasnifu (nami nimewahi kuwa mgeni rasmi katika sherehe ya aina hiyo, basi nisijifanye mtakatifu), lazima msemaji mmoja asimame aitamke. Wafinyanzi wenyewe hatuwataji. Mwalimu wa chekechea ndiye mtu wa mwisho kukumbukwa katika bajeti, katika vyama vya walimu na hata katika hotuba za Siku ya Walimu.

Matatizo yake ya kawaida yanajulikana, na sitayarefusha. Kwa miaka mingi mshahara wake ulitoka mifukoni mwa wazazi. Mvua ikikosa kunyesha, naye hukosa. Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi mwaka 2003, chekechea iliachwa nje, na baadhi ya wazazi wakaona ni heri mtoto akae nyumbani hadi afikie umri wa darasa la kwanza lisilolipiwa. Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu hiyo kwa serikali za kaunti, na tangu 2013 kaunti 47 ndizo waajiri. Yapo mema yaliyotokana na ugatuzi: madarasa yamejengwa mahali ambapo watoto walisomea chini ya mti, na walimu wengi wameandikwa. Hata hivyo, wengi wameandikwa kwa mikataba ya muda, kwa ujira ambao mwenzao wa darasa la kwanza, aliye chini ya Tume ya Huduma za Walimu, angeucheka kama usingekuwa wa kuliza. Wote wawili hufundisha katika kiwanja kimoja, hupigiwa kengele moja, na mwajiri wa mmoja hamtambui mwingine. Isitoshe, kuna habari ya uji. Mahali ambapo kaunti hutoa uji watoto huja. Unapokatika, mwalimu hujua kabla ya kuita majina ni wangapi watakosekana. Nairobi ilianza mpango wake wa chakula cha shule, Dishi na Kaunti, mwaka 2023, nao unawafikia watoto wa chekechea wa shule za umma. Kwingineko mambo hutegemea gavana, msimu na wafadhili.

Hayo yote ni kweli, na mwenye kuyapigania ana haki. Ila mimi ni mtu wa isimu, na kwa maoni yangu liko jambo lililo zito kuliko hayo ambalo halitatuliwi hata mshahara ukiongezwa mara tatu. Tumemtwika mwalimu wa chekechea kazi ngumu kupita zote za lugha katika mfumo mzima wa elimu, nasi hatukumfunza kuifanya wala hatukumpa vyombo vyake.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mtoto afikapo chekecheani akiwa na miaka minne, tayari anayo sarufi ya lugha moja, wakati mwingine mbili. Hakufundishwa na mtu. Aliiokota jikoni, machungani na mgongoni mwa mama. Asichonacho ni maandishi. Hajui kwamba sauti atokazo nazo kinywani zaweza kukatwa vipande, na kila kipande kikachorwa. Kumvusha kutoka sauti hadi mchoro ndiko kumfundisha kusoma. Sasa, katika nchi hii, mwalimu anatarajiwa amvushe mtoto huyo kwa mitumbwi mitatu kwa wakati mmoja, na kila mtumbwi una kasia lake.

Chukua herufi moja tu, c. Katika Kikuyu, lugha niliyonyonya kwa mama, herufi hiyo husomwa takriban kama sh: cai ni chai, na msomaji asiyeijua lugha hiyo atashangaa kusikia shai. Katika Kiswahili c haisimami peke yake, hungoja h. Katika Kiingereza mara ni k, mara ni s, na kanuni yake humchosha hata mtu mzima. Nenda kwenye irabu. Kiswahili kina tano, na kila moja ina herufi yake. Kikuyu na Kikamba zina saba. Dholuo ina tisa ambazo huandikwa kwa herufi tano, hivyo msomaji hulazimika kukisia kutokana na maana ya sentensi. Kiingereza, kutegemea lafudhi ya msemaji, kina irabu karibu 20, nazo pia hutegemea herufi tano zile zile. Kwa hiyo mwalimu anapoandika a, e, i, o, u ubaoni na kuwaambia watoto waimbe, hatujamweleza ni irabu za lugha gani anazoimbisha. Mara nyingi huimbisha majina ya herufi za Kiingereza, kisha huwapa watoto wasome neno la Kiswahili, halafu hulaumiwa wanaposoma kombo.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Binti yangu mkubwa nilimpeleka katika shule ya kibinafsi ya Kiingereza kitupu, akiwa na miaka mitatu na nusu. Alipofika darasa la kwanza aliona katika simu yangu ujumbe niliokuwa nimemwandikia dada yangu kuhusu afya ya mama yetu. Katika ujumbe huo nilikuwa nimeandika cucu, yaani nyanya, neno ambalo mtoto huyo alilisikia kila siku likitamkwa shosho. Akalisoma vile alivyofundishwa. Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini tunamwita bibi yake kuku. Tulicheka nyumba nzima, na mama yangu aliposimuliwa alicheka pia, kisha akanyamaza. Akauliza, "Kwani huyu hatasoma barua nikimwandikia?" Sikuwa na jibu. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, mtu anayesimama mbele ya wanafunzi 200 kila juma kuwaeleza thamani ya lugha ya kwanza, nilikuwa nimelipa karo ili mtoto wangu asiweze kuzungumza na mama yangu pasipo mkalimani.

Nami nilikuwa na sababu zangu. Katika shule niliyosoma mimi katika miaka ya themanini kulikuwa na kibao kilichopitishwa kutoka shingo hadi shingo. Aliyesikika akinena lugha ya nyumbani alivishwa, na aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya adhabu za aina hiyo zilizokuwako tangu enzi ya mkoloni. Sisi tulizikuta chini ya bendera yetu wenyewe. Aliyekuzwa hivyo hubeba kibao moyoni, na siku anapochagua shule ya mtoto wake humvisha pasipo kujua.

Sera, kwa karatasi, haina kasoro kubwa. Ni kweli kwamba Tume ya Ominde ya 1964 ilikiweka Kiingereza mbele tangu darasa la kwanza. Lakini Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, iligeuza mambo: mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo ilipo shule katika madarasa ya chini. Miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo, mwaka 1953, UNESCO ilikuwa imekwisha kutoa ripoti mashuhuri yenye ushauri wa namna hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019 katika chekechea na gredi za chini, umelishika wazo hilo la lugha ya eneo. Na Katiba, katika kifungu cha 7, imeipa serikali wajibu wa kuendeleza lugha za kiasili. Sera tunazo tele. Ungemwuliza mwalimu yule wa Kinango angekuonyesha tulichokosa.

Mimi nilimwuliza. Nilimwomba anionyeshe vitabu vyake vya Kiduruma. Akanipeleka ukutani. Hapo palining'inia magunia ya nailoni aliyoyapasua, akayafua na kuyaandika kwa rangi: picha ya mbuzi, ya nyumba, ya mnazi, ya kikombe, na chini ya kila picha maneno matatu. Hivyo ndivyo vitabu vyake. Kwenye dawati kulikuwa na rundo la vitabu vya Kiingereza, vizuri, vya rangi, vyenye mtoto anayekula tofaa na kucheza na paka ndani ya nyumba yenye zulia, pamoja na viwili vya Kiswahili. Vya lugha ya nyumbani havikuwapo. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha namna ya kuandika Kiduruma. Akacheka. "Naandika ninavyosikia, mwalimu." Nikayasoma magunia tena. Aliandika vyema, isipokuwa mahali pawili ambapo sauti moja aliiandika kwa namna mbili, jambo ambalo hata maprofesa hulizozania.

Wazee kati ya wasomaji watakumbuka vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, vilivyotayarishwa na iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya kwa lugha mbalimbali za nchi. Havikuwa na rangi za kuvutia, na lugha nyingi ziliachwa nje, lakini vilikuwa vitabu. Mtoto alishika karatasi yenye maneno ya nyumbani kwao, akajua kwamba nayo huandikwa. Leo, pamoja na kompyuta zote na mitambo ya kuchapa, ni shule ngapi za chekechea zilizo na hata hicho?

Najua pingamizi zitakazoletwa, na mbili zina uzito.

Ya kwanza ni ya miji. Huko Kawangware, Nakuru au Changamwe, lugha ya eneo ni ipi? Darasa moja lina watoto wa lugha kumi, na wengi wao hata nyumbani huzungumza Kiswahili cha mtaani au Sheng. Hapo jibu ni Kiswahili, na sera yenyewe inaruhusu. Lakini ni Kiswahili kipi? Mtoto asemaye "nimetoka mtaani kucheza ngoli" asikaripiwe kana kwamba amesema matusi. Mwalimu aanzie hapo alipo, amwongoze kwenye Kiswahili sanifu taratibu. Na hapa sisi wapenzi wa Kiswahili tuna kosa letu, tulikubali. Tumezoea kulilia ubabe wa Kiingereza, kumbe katika darasa la Kinango, Kiswahili nacho hufika kama mgeni. Ni mgeni wa ukoo mmoja, ndiyo. Kutoka madzi hadi maji ni hatua fupi, na mtoto wa Kiduruma huivuka kwa wepesi ambao mtoto wa Turkana au wa Wajir hana. Lakini hatua fupi pia huhitaji mtu wa kukushika mkono. Tukimfanya mtoto aone haya kwa sababu ya dz, tumemvisha kibao kile kile, tofauti ni kwamba kimeandikwa Kiswahili.

Pingamizi ya pili ni ya wazazi, nayo siiwezi kwa dharau. Mzazi hudai Kiingereza kwa sababu ameona ni nani hupata kazi. Akiona chekechea ya umma inaimba kwa lugha ya nyumbani na ile ya kibinafsi kando ya barabara inaimba kwa Kiingereza, atajinyima chakula alipe karo ya pili. Mwalimu wa umma, akiogopa kubaki na madawati matupu, huitupa sera na kuigiza jirani. Shule za kibinafsi huchochea moto kwa kuwapa watoto wa miaka mitano mitihani ya kuingia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtihani wa kumchuja mtoto anayeomba nafasi katika shule ya umma, isipokuwa kwa nia ya kumweka katika kiwango kinachomfaa. Hofu hiyo hata hivyo imevuka ua, na mwalimu wa chekechea ya umma hupimwa na wazazi kwa idadi ya maneno ya Kiingereza anayoyakariri mtoto ifikapo Desemba.

Kwa wazazi hao sitatoa ahadi za uongo. Wapo watetezi wa lugha za mama wanaozungumza kana kwamba mtoto akianza kwa lugha yake atakuwa bingwa wa masomo yote. Katika mradi wa PRIMR, uliofanywa nchini humu kati ya 2011 na 2014, watoto wa madarasa ya kwanza mawili katika baadhi ya shule za Machakos na Bungoma walifundishwa kusoma Kikamba na Kibukusu pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Walipanda katika kusoma lugha zao. Katika Kiingereza na Kiswahili hapakuonekana muujiza. Walikuwa sawa na wenzao waliopata mafunzo yale yale bila lugha ya mama. Wengine waliyasoma matokeo hayo wakakata tamaa. Mimi nayasoma kwa jicho jingine: mtoto alipata lugha moja zaidi ya kusoma, na Kiingereza anachokililia mzazi hakikupungua. Mama yangu angaliandikiwa barua.

Basi lifanywe nini? Sidai mabilioni. Kila kaunti ina walimu wanaojua lugha ya mahali pao, na wengi, kama yule wa Kinango, tayari wanaandika kwenye magunia. Kaunti ziwaite, ziwakalishe juma moja wakati wa likizo pamoja na watu wa isimu kutoka vyuo vikuu na wazee wenye lugha, waafikiane tahajia, kisha zichape vijitabu vya kurasa nane nane vyenye mbuzi, kisima na mwembe. Taasisi ya Kukuza Mitaala iviidhinishe upesi, isivikalie. Vyuo vinavyotoa cheti na stashahada ya elimu ya awali viweke somo la sauti na maandishi la lugha zetu, si nyimbo na michoro peke yake. Na mwalimu atakayepewa ujuzi huo aandikwe kazi ya kudumu, maana hakuna haja ya kumfunza mtu mwezi wa Aprili halafu mkataba wake uishe Juni. Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa katika mabunge yao kufikia mwisho wa Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Katika vikao viwili vya namna hiyo nilivyohudhuria, watu walizungumzia barabara, zahanati na masoko. Mwalimu wa chekechea hakuwapo, alikuwa darasani.

Lawama nyingine ni yetu sisi wa vyuo vikuu. Tumeandika tasnifu kuhusu toni na ngeli za lugha hizi, tukazipeleka kwenye rafu ambazo hata sisi hatuzifungui. Muhula huu nimewaondolea wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu insha moja ya nadharia. Badala yake kila mmoja ataleta kisa kimoja kutoka kwao, kilichosimuliwa na mtoto wa chini ya miaka sita, kimeandikwa kwa tahajia inayokubalika, kwa sentensi ambazo mtoto mwingine wa umri huo ataweza kuzifuata. Wawili wamelalamika kwamba hiyo si kazi ya chuo kikuu. Mmoja, kutoka Kwale, ameniomba anwani ya shule yenye ua wa minyaa, ili akakisikilize kile kisa cha mbuzi kabla mvulana hajakisahau.